Pua ya Difu

Masika yale nilikuwa naendesha pikapu ya mjomba, Hilux kuukuu ya zile ambazo ekseli ya mbele ni bomba moja toka gurudumu hadi gurudumu. Tukichukua samaki Ngomeni, tukileta Malindi. Ngomeni hiyo hiyo ambako Waitaliano walirusha setilaiti mwaka 1967 kutoka majukwaa yao baharini. Sisi barabara yake ilitushinda kwa matope.

Asubuhi moja nikakuta tufe la chuma nyuma ya gurudumu la kushoto, linalokaa grisi, linadondosha uji mweusi. Sili ya ndani, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka; oili ya difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, imepita na kuyeyusha grisi.

"Badilisha basi," mjomba akasema. "Si wajiita fundi?"

Nikabadilisha, kutwa nzima, sili nikaishindilia kwa nyundo upande huu, kisha ule. Wiki mbili hazikufika, uji ukarudi.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa gereji, Maweni. Nilipomwamkia aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaingia chini ya gari. Gurudumu hakuligusa. Akafungua kidude kidogo juu ya bomba la ekseli, akanitilia kiganjani: kimejaa tope kavu, hakipitishi hata pumzi.

"Difu yapumua, mwanangu. Ikipata moto, hewa hutanuka. Ukiiziba pua, itatokea penye sili."

Nikakumbuka madimbwi ya Gongoni. Difu ya moto ikiingia maji baridi, hewa hunywea na kuvuta maji ndani. Ndiyo maana oili niliyomwaga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nami nikaona ni uchafu tu!

Tulipofungua, sili yangu ilikuwa imekaa upogo, na mdomo wake umekwanguliwa na meno ya shafti, kile chuma kinachozungusha gurudumu. Shafti niliichomeka bila kuinyanyua. Mzee akaupaka mdomo wa sili mpya grisi, akaielekeza kwenye difu, akaweka juu yake ganda la beringi kuukuu lenye upana ule ule, akagonga taratibu mpaka ikakaa sawa. Shafti akaniachia mimi niirudishe. Mikono ikanitetemeka kama mtoto wa chuo mbele ya mwalimu.

Kile kidude tukakitupa, tukafunga mpira wa petroli ukapanda mpaka karibu na betri.

Mjomba alipofungua boneti akauliza huo mpira wa nini.

"Pua ya difu, mjomba."

Akanitazama, akafunga boneti, akauliza samaki wako wapi.