Jina la Katikati

Kila Januari, mwalimu wa darasa la kwanza hukabidhiwa rejista ya majina ambayo wazazi waliyachagua miaka sita hivi iliyopita, na mwalimu aliyekaa mji mmoja kwa muda mrefu huyaona majina yakibadilika bila hata kumuuliza mtu. Mimi nimefundisha madarasa ya chini hapa Kisumu tangu miaka ya tisini. Nilipoanza kazi, asubuhi nilikuwa naita Kevin, Brian, Collins, Dennis, Sharon, Mercy, Lilian na Brenda, na nyuma ya kila jina la aina hiyo kulikuwa na Otieno au Akinyi, Wafula au Nekesa. Leo hao akina Kevin na Sharon ndio wazazi, na watoto wanaowaleta katika darasa ambalo sasa tunaliita gredi ya kwanza ni Jayden, Ethan, Liam, Tiffany, Arianna, Blessing, Zuri na Imani. Nyanya za watoto hao, ambao mara nyingi ndio huja kuwachukua masomo yanapokwisha, walibatizwa Dorka, Rusalia, Peres, Consolata na Roselida.

Wenzangu wa rika langu hulalamika sana kuhusu lile jina la kwanza. Husema kwamba vijana wameuacha utamaduni, kwamba majina ya siku hizi yameokotwa kwenye televisheni na kwenye simu, na kwamba nyanya mtu hawezi hata kuyatamka. Nawaheshimu, lakini naamini wanalilia jina lisilostahili kuliliwa. Katika sehemu hizi jina la kwanza limekuwa la kutoka mbali tangu wamisheni walipofungua vituo vyao, Wakweka kule Kaimosi mwaka wa 1902 na Waanglikana wa CMS pale Maseno mwaka wa 1906, na Wakatoliki katika miaka hiyohiyo. Aliyetaka kubatizwa alipaswa kuwa na jina la Biblia au la mtakatifu. Dorka na Consolata yalikuwa mageni masikioni mwa wazee wa wakati ule kama Arianna lilivyo geni kwa Dorka wa leo. Wapo waliolikataa sharti hilo, na anayejulikana zaidi ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyeyaacha majina yake ya ubatizo, Obadiah Adonijah, na ambaye mwanawe alijulikana kwa taifa zima kama Raila Amolo Odinga, bila jina la kizungu kutangulia. Walio wengi, hata hivyo, walilipokea jina la kanisa wakaliweka mbele, kisha wakaendelea na jina la nyumbani nyuma yake.

Jina la kwanza pia ndilo lililobeba matumaini ya nyakati. Mwaka wa 1960 Tom Mboya alimwendea seneta John F. Kennedy kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa fedha; ukizunguka Nyanza leo utakutana na wanaume wengi wa makamo wanaoitwa Kennedy. Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais Novemba 2008, wodi za wazazi hapa Kisumu zilijaa akina Barack na Michelle, na watoto hao wakanifikia darasani Januari ya 2015. Sikuliona hilo kuwa jambo la kusikitisha hata kidogo, kwa sababu Barack lilikuwa tayari jina la nyumba moja ya Kogelo, alikotoka baba yake rais huyo, na babu yake alikuwa Hussein Onyango, yaani mtu mwenye jina la kawaida kabisa la Mjaluo aliyezaliwa jua likiwa limeanza kupanda.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kinachopotea ni jina la katikati, na linapotea kimyakimya kwa sababu sisi sote macho yetu yameelekezwa mbele.

Kwa Wajaluo jina hilo ndilo lililosema mtoto alikuja saa ngapi na katika hali gani. Omondi na Amondi walizaliwa alfajiri, Okinyi na Akinyi asubuhi, Ochieng' na Achieng' jua likiwaka, Odhiambo na Adhiambo jioni, Otieno na Atieno usiku. Okoth na Akoth walikuja na mvua. Opiyo ni pacha wa kwanza, Odongo wa pili, na Okello ni yule anayewafuata. Kwa Wabukusu, upande wa mama yangu, jina hufuata zaidi majira ya shamba: Wafula na Nafula ni wa mvua, Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Wasike na Nasike ni wa wakati wa nzige. Jirani zetu Wakalenjini wana Kiprop na Cherop wa mvua, na Kipkoech na Chepkoech wa mapambazuko. Mtu akikutajia majina yake mawili tu, ulikuwa umeshapata habari ya siku aliyozaliwa kabla hujamjua kwa lolote lingine.

Tena utaratibu huo haukuwa mgumu kama wengi wanavyoudhani. Ulipokea mambo mapya kwa urahisi. Wabukusu walipoanza kuitwa kwenye baraza za machifu, mtoto aliyezaliwa siku ya baraza akawa Barasa, na aliyezaliwa siku ya Krismasi akawa Sikuku. Nawaambia hivyo wazazi vijana wanaodhani kwamba jina la asili ni lazima liwe la ng'ombe na ghala la mtama. Wazee wetu walitazama lililokuwa likitendeka mlangoni mwao, wakaliita kwa mtoto.

Kulikuwa na njia nyingine pia, ya ndani zaidi, ambayo Wajaluo huiita jina la juogi. Marehemu wa ukoo alimjia mtu ndotoni akitaka kurithiwa, au mtoto alilia bila kunyamaza, na watu wazima wakaketi na kuanza kuyataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze kwenye jina lake. Mama yangu ameishuhudia mara nyingi akiwa mke kijana katika boma la baba yangu. Anaieleza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza namna ya kupika mboga ya mrenda, na ninaposikia maelezo hayo huwa naelewa kwamba kumpa mtoto jina halikuwa chaguo la watu wawili waliokaa na simu kitandani. Lilikuwa shughuli ya boma zima, na wafu walikuwa na kura yao.

Mwaka huu jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Binti ya kaka yangu anaishi Nakuru, ameolewa na kijana wa Kikuyu, na wakati wa mvua za masika alijifungua mtoto wa kike. Jioni hiyo tulimpigia simu, mama yangu, ambaye binti huyo humwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, akiwa amekaa karibu nami, na swali lake la kwanza baada ya kumshukuru Mungu lilikuwa moja tu.

"Mvua ilinyesha huko?"

"Ilinyesha, Dani, tangu alfajiri."

"Basi huyo ni Akoth, hata mkimwita nani."

Wazazi walikuwa wameshachagua Amara. Kwa upande wa baba, hakukuwa na mjadala kuhusu jina la pili, kwa sababu mila ya Wakikuyu imeshalipanga: binti wa kwanza humrithi mama wa baba, wa pili humrithi mama wa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa mababu. Mtoto akawa Amara Wanjiku, kisha jina la baba yake. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, na nafasi tatu zikajaa.

Nimelifikiria jambo hilo sana, na limenionyesha kitu ambacho rejista yangu ilikuwa ikiniambia miaka yote. Majina kama Wanjiku na Kamau hayapungui darasani kwa kasi ile ile, kwa sababu kila moja ni deni kwa mtu aliye hai au anayekumbukwa, na mama mkwe ambaye hakuitwa atajua kwamba hakuitwa. Jina la Kijaluo au la Kibukusu halina mdai wa namna hiyo. Mvua haitalalamika. Usiku hautauliza kwa nini mtoto wake hakuitwa Atieno. Kwa hiyo wazazi wanapopungukiwa na nafasi kwenye fomu, lenyewe ndilo hutolewa kwanza.

Nilimuuliza binti yangu huyo kwa nini hakulipigania. Alinijibu kwa adabu, nami nayanukuu maneno yake kwa sababu yana uzito: "Shangazi, mtoto huyu atatuma maombi ya kazi mahali ambapo watu husoma jina kabla ya kumwona mtu." Yeye alikuwa msichana wa shule ya msingi Nakuru mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, majirani walipokuwa wakiulizana majina ili wajue nani afukuzwe. Siwezi kumwambia mtu aliyeyaona hayo kwamba woga wake ni wa bure. Naamini ndiyo sababu kubwa inayowafanya wazazi wengi wa Nakuru, na wa mitaa iliyochanganyika hapa Kisumu, kuchagua Imani, Amani, Baraka, Neema na Zawadi, majina mazuri ya Kiswahili ambayo hayamtaji mtu kabila. Wanaowaita vijana hawa wavivu wa mila wangepaswa kwanza kuuliza walilelewa katika mwaka gani.

Sababu nyingine ni ya makaratasi. Zamani kila mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, na jina la babu liliishia kwa baba. Sasa familia nyingi za mjini zinataka jina moja la ukoo litakaloshuka kwa kila mtoto, kwa sababu pasipoti na fomu za shule za ng'ambo hudai hivyo. Matokeo yake ninayasikia kila siku. Naita Otieno, anasimama msichana. Naita Wafula, anasimama msichana. Katika lugha za nyumbani kwao herufi ya mwanzo ndiyo ilimtofautisha Otieno na Atieno, Wafula na Nafula, na sasa mtoto wa kike anabeba saa ya kuzaliwa ya babu yake, kwa umbo la kiume, huku saa yake mwenyewe haijaandikwa popote katika majina yake. Hili ndilo linaloniuma zaidi ya Jayden wote duniani. Nimelizungumza na wazazi kadhaa, na karibu wote walishangaa, kwa kuwa hawakuwa wameliwaza.

Wapo wanaoniambia kwamba majina ya saa hayana maana tena, maadamu akina mama wanajifungulia hospitalini na si nyumbani. Mimi naona kinyume chake. Tangu huduma ya uzazi ilipofanywa kuwa ya bure katika hospitali za umma Juni 2013, akina mama wengi zaidi hujifungulia mikononi mwa wauguzi, na muuguzi huandika saa na dakika. Hakuna kizazi kilichowahi kuijua saa ya mtoto kwa uhakika kuliko hiki. Hata anayezaliwa kwa upasuaji uliopangwa saa nne asubuhi ni Onyango au Anyango wa haki. Mama yangu, ambaye ni mkali katika mambo haya, amelikubali hilo bila kusita.

Kuhusu majina ya shida, kama Okech na Akech au Wanjala na Nanjala, yanayotaja njaa, nawaelewa wazazi wasioyataka, ingawa nimewafundisha akina Wanjala wengi na sijaona jina likimzuia mmoja wao kushiba wala kufaulu.

Ninachowaomba wazazi wanaosubiri mtoto ni kitu kidogo. Jina la kwanza lichagueni mnavyopenda, liwe Liam, liwe Zuri. Kabla hamjatoka wodini, ulizeni saa, tazameni nje, mpigieni simu mzee mmoja wa kila upande, kisha liandikeni jina hilo kwenye ile karatasi ya hospitali inayotangulia cheti cha kuzaliwa. Kama ni Achieng' au Ajwang', simamieni king'ong'o chake, yaani ile alama ya mwisho, kwa maana makarani wengi hukiacha, na mtoto huja kupata taabu baadaye cheti cha kuzaliwa kinaposoma hivi na kitambulisho kikasoma vile. Familia iliyochanganyika isione haya kuandika majina manne. Sijaona sheria inayosema mtoto asiwe na zaidi ya matatu.

Na aliyechelewa hajafungiwa mlango. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kuandikisha jina lililobadilishwa kabla ya miaka miwili kupita tangu mtoto aliposajiliwa. Binti ya kaka yangu bado yumo ndani ya muda huo. Nimezungumza naye, naye amezungumza na mumewe, na mama mkwe wake kule Nakuru amesema kwamba Wanjiku hatapungukiwa na chochote akitanguliwa na Akoth; kilichobaki ni kwenda na cheti katika ofisi ya msajili.