Ile sauti ya tatu

Mi kwenye kikundi chetu sikuanza kama mpigaji, nilianza kwa kubeba ngoma tu, kuzishusha, kuzipanga, kukaa pembeni kusikiliza. Halafu siku moja mzee wetu wa marimba akaniita akasema njoo kaa hapa, akanipa marimba ndogo, akanionesha noti nne. Nne tu. "Hizi ndo kazi yako, usiongeze hata moja." (Nikisema marimba sio ile ya mbao ya kugonga na vijiti, ni hii ya mkononi, kisanduku chenye vyuma bapa juu unavipiga kwa dole gumba, Wagogo wanaiita ilimba.)

Basi nikazipiga hizo nne wiki na wiki, dole gumba likaota sugu, na wimbo hauji. Ukizisikia peke yake ni kama mtu anarudia nusu ya sentensi kila saa. Na mimi nilikuwa nimemsikiliza sana marehemu Hukwe Zawose, yule fundi wa Kigogo aliyefariki 2003, kwa hiyo nilikuwa najua hii kitu ikiwa kwenye mikono yenyewe inafanya nini, unaweza kudhani kuna watu watatu wanaongea ndani ya kisanduku kimoja. Zangu hazikufika hata mtu mmoja. Nikawa nahisi labda mzee haniamini, sikumwambia, ila iliniuma kwa kweli.

Sasa ile jioni mvua ilikuwa imepiga toka mchana, tunafika mazoezini ngoma zote zimelegea. Waliowahi kupiga ngoma wanajua, ngozi ikishanywa unyevu unapiga inakujibu kama umepiga gunia, hamna kinachoendelea mpaka uipashe moto ikaze. Wakatoka wote kibarazani kuwasha moto, wapigaji na waimbaji, wengine wanageuza ngoma wengine wanachungulia zisikae karibu sana maana ngozi ikizidishiwa joto inapasuka. Ndani tukabaki mimi na mzee.

Marimba yake nayo ilikuwa na shida, imepoteza ule mtetemo. Kisanduku kina kitundu, na pale kwenye kitundu kunabandikwa utando wa buibui, ndo unaoleta ile zzz inayopita chini ya kila noti, bila hiyo marimba inasikika uchi. Wake ulikuwa umechanika. Akanituma, "nenda nyuma ya mlango wa stoo, utaona nyumba ya buibui, ile nyeupe bapa anayowekea mayai, iletee polepole usiibonyeze." Nikaileta kwenye kiganja. Akabandua safu ya juu kwa ukucha, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, akapaka nta kidogo pembezoni mwa kitundu, akaulaza pale, akaupulizia. Ukatetema. Yule mzee ana mikono mikubwa ajabu na sijawahi kuona mtu anashika kitu kwa upole vile.

Kisha akatyuni. Anagonga chuma na kinyundo kidogo kwa nyuma au kwa mbele, upande unaopigwa ukibaki mfupi sauti inapanda, ukirefuka inashuka, anagonga, anasikiliza yangu, anagonga tena, mpaka zote mbili zikaongea lugha moja. Akasema haya, anza.

Nikaanza na nne zangu. Akaingia, lakini hakuingia pale nilipo mimi, akaingia kwenye nafasi, yaani mimi nikinyanyua dole yeye ndo anashusha. Nikateleza nikaanza kumfuata. Akasimamisha. Tukaanza tena, nikamfuata tena. Akaniangalia, "Mwanangu usinifuate. Mimi nimeondoka, na wewe ukiondoka, nyumbani anabaki nani?"

Mara ya tatu nikafumba macho nikashika zangu tu, nikabaki nyumbani. Na hapo ndo nikaisikia. Kuna wimbo wa juu, mwembamba, unazunguka taratibu, sio wangu maana mimi najua zangu ni nne, na sio wa mzee. Nikafumbua macho nikaangalia mlangoni nikijua kuna mama mmoja ameingia anaimba kwa chini. Hakuna mtu. Ni noti zangu za juu na noti zake za juu, zinapishana haraka kiasi kwamba sikio linaziokota zenyewe linaziunga kuwa wimbo mmoja, wimbo ambao kwenye hicho chumba hakuna anayeupiga. Ukimtoa mmoja wetu unakufa pale pale.

Mzee akaona uso wangu. "Umeisikia?" Nikaitikia kwa kichwa, koo limejaa nisingeweza kujibu. Akacheka akaendelea kupiga.

Ngoma zikawa tayari, yule mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, akaingia wa kwanza, ngoma yake ameibana mapajani kama wanavyopigaga, hakuuliza, akasikiliza kidogo akaachia mkono. Jamani. Ile sauti ya tatu ikahama! Noti ni zile zile, sijabadilisha kitu, ila ngoma imeuvuta wimbo ukaanzia pengine kabisa, ukawa mwingine. Wakaja waimbaji, wakaja na njuga, na mimi bado niko kwenye nne zangu na sitaki hata ya tano, nilikuwa na furaha ambayo nilikuwa naisikia mpaka kwenye meno. Tulipoacha, moto kibarazani ulikuwa majivu.

Kila siku nilikuwa namrudishia mzee marimba kabla ya kuondoka. Siku ile nilipompa akaisukuma ikarudi kwangu, akasema kalale nayo.

Ninayo mpaka leo. Utando nimeshabadilisha mara nyingi sana, na kabla ya kufagia nyuma ya mlango wowote naangalia kwanza ukutani kama kuna ile nyumba nyeupe.