Dakika 10 kabla ya mteja wa kwanza

Bukavu, Jumatatu jioni. Mvua imeshika tangu mchana, umeme umekatika, na hapa Kadutu zinasikika cherehani za kukanyaga tu. Nawawaza vijana wanaojifunza ushonaji, kila mmoja akisema mwaka huu atafungua atelie yake. Natamani wafike. Naamini safari yao inaanzia kwenye zile dakika 10 za asubuhi, kabla mteja hajabisha hodi.

Fungua kibati kilicho chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, upige brashi kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Vumbi la nyuzi likikaa wiki nzima hushikana na mafuta, kitambaa kinasita, na mshono unabanana mahali pamoja. Kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu, ushone kitambaa chakavu mpaka doa lisionekane tena. Mafuta ya kupikia, hapana kabisa! Yanaganda kama gundi na mashine inakuwa nzito mguuni.

Sindano ni kitu cha bei ndogo, lakini mafundi huionea uchungu kuitupa. Ikishashona kwa muda wa saa 8 hivi, ibadilishe. Kwa kikwembe, yaani kitenge, sindano namba 90 inatosha. Kwa jinzi tumia 100. Mshono ukiruka, usikimbilie kukaza skrubu: tazama kwanza kama sindano imepinda au imefungwa kinyume. Nyuzi zikisongamana chini ya kitambaa, mara nyingi kosa liko juu: uzi ulipitishwa mguu wa kubana kitambaa ukiwa umeshushwa, kwa hiyo haukuingia kati ya visahani vya kubana uzi.

Jioni, dakika 20 za kola. Kola peke yake, wiki nzima, kwa vipande vilivyobaki mezani. Anayejaribu kola, zipu na mfuko siku moja hashiki hata kimoja. Ukifika kwenye ncha, usigeuze ghafla. Piga hatua moja ya mshazari, ndipo ugeuke. Punguza ukingo hapo ubaki milimita 3, bila kugusa mshono, kisha uigeuze kola kwa kijiti butu. Ncha ya mkasi hutoboa, na kola iliyotoboka haina dawa. Ukiziweka kola za siku sita mezani kwa mpangilio, utaiona ncha ikinyooka siku baada ya siku, na hilo hunifurahisha kuliko sifa yoyote.

Halafu daftari. Kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, pesa ya kutanguliza, siku ya kuchukua nguo. Wengi huandika hayo yote wakaacha tarehe. Mama aliyepimwa akiwa mjamzito anarudi na kikwembe kipya, fundi anafungua ukurasa uleule na kukata, na gauni linamwelea mwilini. Tarehe iandikwe kwanza, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.