Seli shina ndani ya sahani za maabara

Mtu akitaja seli shina, yaani seli zinazoweza kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine, wengi huwaza sindano: seli zinachukuliwa, zinadungwa mahali palipoharibika, na kiungo kinajijenga upya. Wazo hilo lina msingi wake, lakini limetufanya tuipe kisogo kazi nyingine ya seli hizo, ile inayofanyika ndani ya sahani za maabara bila seli hata moja kurudishwa mwilini mwa mgonjwa. Naamini kwamba kwa miaka mingi ijayo watakaonufaika na seli shina kupitia kidonge kilichojaribiwa juu yake watakuwa wengi kuliko watakaopandikizwa.

Sisemi hivyo kwa kuubeza upandikizaji. Upandikizaji wa uboho, uliompatia E. Donnall Thomas Tuzo ya Nobel mwaka 1990, ni tiba kamili ya seli shina, na watu wengi wenye saratani za damu wako hai leo kwa sababu yake. Mwaka 2015 Ulaya iliidhinisha tiba nyingine, ambayo seli shina za ukingo wa konea, tabaka angavu la mbele ya jicho, hukuzwa maabara na kurejeshwa kwenye jicho lililoungua kwa moto au kemikali. Tiba hizi mbili zinafanana katika jambo moja: seli zinarudishwa mahali pake pa asili kufanya kazi ile ile ziliyoizoea. Ugumu huanza pale tunapotaka seli moja igeuke kuwa nyingine.

Na kugeuka kunawezekana. Mwaka 1962 John Gurdon alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura lililoondolewa kiini chake, na mnyama akakua. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi, wakiwa Kyoto, walianza na orodha ya jeni 24 na kuipunguza hadi nne ambazo, zikiingizwa katika seli za ngozi ya panya, huzirudisha katika hali inayofanana na ile ya kiinitete. Mwaka uliofuata walifanya vivyo hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka wakatunukiwa Nobel kwa pamoja. Moja ya jeni hizo nne, hata hivyo, inahusishwa na saratani, na hilo linaeleza kwa nini madaktari hawakukimbilia kuzidunga seli hizo kwa watu. Mwaka 2014 mjini Kobe, mwanamke aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona alipandikizwa tabaka la seli za jicho zilizotengenezwa kwa njia hiyo kutoka ngozi yake mwenyewe. Mgonjwa wa pili alikuwa ameandaliwa, lakini seli zake zilipochunguzwa zikakutwa na mabadiliko ya kijeni, na upandikizaji ukasitishwa. Nauheshimu uamuzi huo kuliko matangazo mengi ya mafanikio niliyowahi kuyasoma, hasa ninapokumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo kliniki moja ya Florida iliwadunga wanawake watatu seli zilizotokana na mafuta ya miili yao, katika macho yote mawili kwa siku moja, na kuwaacha wakiwa wamepofuka au karibu kupofuka.

Sasa tuingie maabara. Seli za ngozi zilizorudishwa nyuma kwa njia ya Yamanaka zinaweza kuelekezwa ziwe seli za misuli ya moyo, na baada ya wiki moja au mbili hivi huanza kudunda zenyewe ndani ya sahani. Chini ya hadubini huonekana utando mwembamba ukijikunja na kulegea kwa mpigo mmoja, bila mwili wowote kuuzunguka. Sahani ikiwa na elektrodi, yaani vinasa umeme, chini yake, watafiti wanaweza kupima muda ambao seli hizo huchukua kujichaji upya kati ya pigo na pigo, na muda huo ndio wanaoutafuta.

Umuhimu wake unaonekana katika kisa cha terfenadini, dawa ya aleji iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 na kupendwa kwa sababu haikuwasinzisha watu. Ini huibadilisha haraka terfenadini kuwa kemikali nyingine isiyo na madhara kwa moyo. Lakini mgonjwa akiitumia pamoja na dawa fulani za fangasi au antibayotiki kama erithromisini, kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo huzuiwa, terfenadini hujikusanya katika damu, na kuziba mlango mmoja ambao potasiamu hupitia kutoka katika seli za moyo. Moyo huchelewa kujichaji, mapigo huvurugika, na watu kadhaa walikufa ghafla. Dawa iliondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990, na nafasi yake ikachukuliwa na feksofenadini, ambayo ni ile ile kemikali ambayo ini lilikuwa likiitengeneza tangu mwanzo.

Panya hawezi kutuonya vizuri kuhusu dawa ya namna hiyo. Moyo wake hupiga takriban mara 500 hadi 600 kwa dakika, na hujichaji kwa kutegemea zaidi milango mingine ya potasiamu, kiasi kwamba dawa inayouziba mlango ule muhimu kwa binadamu inaweza kumpitia panya bila kishindo. Seli za moyo zilizotokana na ngozi ya mtu zina mlango huo. Ukiongeza terfenadini kidogo kidogo kwenye sahani, muda wa kujichaji hurefuka mbele ya macho yako, kisha mpigo unapoteza mpangilio. Wanyama bado watahitajika, kwa kuwa sahani haina ini wala figo, lakini mnamo Desemba 2022 Marekani iliibadilisha sheria yake ya dawa ili vipimo vya seli za namna hii vikubalike pale ambapo zamani majaribio ya wanyama yalikuwa sharti.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Utrecht, Uholanzi. Mwaka 2009 Hans Clevers na Toshiro Sato walionyesha kwamba seli shina moja ya utumbo wa panya, ikiwekwa katika ute unaofaa, hujijenga kuwa utumbo mdogo sana wenye mikunjo yake, kitu kinachoitwa oganoidi. Miaka michache baadaye watafiti wa mji huo huo waliitumia mbinu hiyo kwa sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mlango wa chumvi katika seli haufanyi kazi, kamasi huwa nzito, na mapafu huziba. Kipande kidogo sana cha utumbo wa mgonjwa hukatwa, oganoidi hukuzwa, kisha huongezewa kemikali iitwayo foskolini. Mlango ukiwa mzima, chumvi na maji huingia ndani na oganoidi huvimba kama puto katika muda wa saa moja hivi. Ukiwa mbovu, hutulia ilivyo. Ukitiwa dawa na oganoidi ikaanza kuvimba, umeona dawa ikifanya kazi katika seli za mgonjwa huyo huyo. Mabadiliko zaidi ya 2,000 yameorodheshwa katika jeni inayohusika, na mengine hupatikana kwa watu wachache mno kiasi kwamba hakuna kampuni inayoweza kuwakusanya kwa majaribio ya kawaida. Kwa watu hao, sahani ndiyo jaribio lenyewe.

Kwa magonjwa ya ubongo na neva mambo ni magumu zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, watafiti walitengeneza seli za neva kutokana na wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, wakazipitishia dawa 1,232, na ropiniroli, dawa ya zamani ya ugonjwa wa Parkinson, ikajitokeza kuwa yenye kuzisaidia seli hizo. Jaribio lililofuata lilihusisha wagonjwa 20 tu. Matokeo yake yalitoa dalili za kutia moyo, lakini kwa idadi hiyo hayatoshi kuifanya ropiniroli kuwa tiba.

Kasoro kubwa zaidi iko katika seli zenyewe. Kuzirudisha nyuma hufuta umri wake, kwa hiyo neva iliyotokana na mzee wa miaka 70 hufanana na neva ya mtoto aliye tumboni, ilhali ugonjwa unaochunguzwa huja uzeeni. Baadhi ya watafiti huukwepa mtego huo kwa kuigeuza ngozi kuwa neva moja kwa moja, bila kupita katika hatua ya kiinitete, na neva hizo hubaki na alama za umri wa mwenyewe. Neva, hata hivyo, haigawanyiki. Anayetaka sahani nyingine lazima aanze tena na ngozi, na kwa utaratibu huo kupima dawa 1,232 ni kazi nzito mno.