Mlenda upo Hanoi jamani, msibebe mabegi ya mboga kavu

Kuna mdogo wangu wa kanisani kapata skolashipu ya kuja kusoma Vietnam, juzi kanipigia ananiuliza abebe mboga gani maana kaambiwa huku hakuna mboga za kula mtu wa kwetu. Nimekasirika kwa kweli, sio kwake, kwa hao wanaomwambia, maana ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi miaka mitatu iliyopita na yakanitoa hela. Kwa hiyo nimekaa naandika nilivyopitia, ni marefu, mwenye haraka aruke.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kwetu siku bila mlenda ni siku ya wageni. Kaka mmoja aliyewahi kukaa Asia (sio Vietnam hata) aliniambia beba mlenda mkavu, beba mchicha mkavu, beba matembele makavu, kule wanakula majani ya porini tu. Mama akakaa wiki nzima anaanika na kutwanga. Nikaja na kilo tatu za unga wa mlenda, begi likazidi uzito, nikalipia uwanja wa ndege laki na ushee. Na ule unga wenyewe sikuumaliza, maana mwezi wa pili na wa tatu Hanoi kuna unyevu wanaouita nồm, sakafu inatoa jasho, ukuta unatoa jasho, nguo hazikauki, siku moja nafungua mfuko nakuta ukungu wa kijani. Mkono wa mama yangu ule nilioutupa kwenye pipa. Nililia.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wiki ya kwanza nilienda kwenye kijisoko cha uchochoroni jirani na hosteli, vile vya kupanga chini wanaita chợ cóc, maana yake soko la chura. Majani pale yamejaa! Nikasema si hizi hapa mboga, nikaonyesha kidole kwenye fungu kubwa la majani mchanganyiko, elfu kumi za kwao, kama buku ya kwetu hivi. Nyumbani naanza kuchambua nasikia harufu ya samaki mbichi. Nikadhani mama yule kayaweka majani juu ya beseni la samaki. Nikaosha maji ya kwanza, ya pili, ya chumvi, maji ya nne bado ni samaki. Nikakata tamaa ya kuosha nikasema moto utamaliza, nikakaanga kitunguu, nyanya, nikamwaga lile fungu lote, nikafunika, mwisho nikaweka karanga ya kusaga ya nyumbani, vijiko vitatu vizima. Yale majani yakanywea yakawa kiganja kimoja cheusi, kichungu, na harufu kama mtu kapika sabuni na dawa ya kikohozi pamoja. Kilichoniuma zaidi ni ile karanga.

Kesho yake nikarudi kwa yule mama kulalamika, Kivietinamu sina, namwonyesha jani nabana pua. Yule mama (nikaja kumzoea sana, mpaka leo namwita cô yaani shangazi, na yeye ananiita cháu, mtoto wa ndugu) akachukua lile jani la umbo la moyo akalitafuna mbichi mbele yangu, akasema "diếp cá, diếp cá". Cá ni samaki. Jani lenyewe ndilo linanuka samaki! Linaliwa hivyohivyo bichi na watu wanalipenda.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia, kwamba huku majani ni koo mbili. Kuna mboga za kupika, na kuna majani ya harufu, rau thơm, ambayo hayo usiyapike kama mchicha hata siku moja, yanawekwa mezani mabichi kwenye sinia kama sisi kachumbari, unachuma unatia kwenye bakuli lako. Mle kwenye fungu langu nilikuwa nimekaanga tía tô (jani la zambarau upande mmoja), kinh giới, giligilani na jamaa ya nanaa na mrehani wanayoiita húng, vyote kwa mpigo. Tía tô nimekuja kuiheshimu nilipougua mafua, dada wa chumba cha pili alinipikia uji wa mchele akaukatia tía tô na vitunguu majani vingi, moto sana, nikatoka jasho nikalala kama mtoto. Halafu shamari mbichi ile yenye majani kama manyoya, au inayofanana nayo, thì là, hiyo inaendana na samaki, hiyo unaweza kuitia sufuriani dakika ya mwisho. Mengine acha mabichi. Na ukiyala mabichi yaloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, hata wenyewe wanafanya hivyo.

Za kupika sasa, hapa ndipo wanaosema hakuna mboga naomba waje niwashike mkono niwapeleke. Mchicha upo, unaitwa rau dền, upo wa kijani na mwekundu, ule mwekundu ukichemsha mchuzi unakuwa kama wa damu usiogope. Matembele yapo, rau lang. Majani ya maboga yapo na wanayamenya zile nyuzi kama tunavyomenya sisi, wanakaanga na kitunguu saumu basi. Bamia zipo. Dodoki! Dodoki hili la kuogea, wanalikata likiwa changa wanalipika na ni tamu. Hata kisamvu nimekula, rafiki yangu wa mkoa wa Phú Thọ alikuja nacho kutoka kwao, wanakichachusha kwenye maji ya chumvi ndo wanapika, uchachu wake sikuutegemea ila nilirudia sahani. Na rau muống inayoota majini ndiyo kila nyumba kila siku, wanachemsha haraka, mboga wanaitoa, na yale maji ya kuchemshia hawamwagi, wanaponda humo tunda chachu linaitwa sấu, linaota kwenye miti ya barabarani hapahapa mjini, mtaa wa Phan Đình Phùng imejaa, linakuwa supu ya kushushia wali. Mimi nikikosa sấu naweka limau.

Lakini mlenda. Mlenda nilikuwa sijauona. Nilifika mwezi wa kumi, na hakuna aliyenieleza kwamba Hanoi mboga zina majira. Baridi ikiingia unakuta kabichi, haradali za kila aina, su hào ile kama tufe la kijani, mboga za joto zinapotea. Mimi nikaamini mlenda haupo nchi nzima, kumbe nimefika umeshaondoka. Mwalimu wetu wa lugha ndiye aliyenitajia jina nilipomweleza kuhusu mboga inayoteleza, akaniandikia kwenye simu bila alama, "rau day". Nikaenda sokoni nasoma nilivyoona. Sasa huku d ya kawaida wanaitamka kama z, yenye kistari, đ, ndo d yetu. Mimi nikatamka kwa z, nikapewa mpira wa kufungia mafungu! Maana dây ni kamba. Nikarudia tena kwa sauti zaidi, nikaongezwa mipira. Ndugu zangu, alama zile andikeni, msizione mapambo.

Mwishoni mwa mwezi wa nne joto likaanza, siku hiyo napita kwa cô nikaona mashina membamba yana majani marefu yenye meno pembeni. Moyo ukapiga. Mama alinifundisha nikiwa mdogo namna ya kuujua mlenda kati ya majani mengine: angalia pale jani linapoanzia, karibu na kikonyo, kuna visharubu viwili vyembamba kama vya panya. Nikainama nikaangalia, visharubu hivi hapa. Nikachovya kidole kwenye ndoo ya maji nikasugua jani, likaanza kuvuta. Nikasema "rau đay?" safari hii kwa d yenye kistari, cô akasema ndiyo. Nilimkumbatia pale sokoni watu wanatuangalia.

Jioni nikampigia mama video, "Mama shikamoo", "Marahaba mwanangu, mbona unahema", nikageuza kamera kwenye sufuria nikainua mwiko, mlenda ukavutika. Mama akanyamaza kidogo akaita watu wa nyumbani waje waone. Magadi sikuwa nayo, niliweka bekingi soda ncha ya kijiko tu, ukizidisha inakuwa chungu. Ugali nilisonga kwa unga wao wa mahindi, bột ngô, ni wa njano na laini kuliko wetu, punguza maji.

Wenyewe wanavyoupika ni tofauti na ni jambo la kujifunza. Bibi wa ghorofa ya juu, namwita bác (ndivyo wanavyomwita mtu aliyewazidi umri wazazi wako), alinifundisha: mlenda, nderema (wanaiita mồng tơi) na dodoki kwenye mchuzi wa kaa wadogo wa mashamba ya mpunga. Kaa sokoni wanakubandulia gamba na kukusagia. Nyumbani unawachanganya na maji, unachuja mara mbili tatu, unatia chumvi, unabandika yale maji moto mdogo na nyama inapanda yenyewe juu inashikana kama mtindi. Mara ya kwanza mimi na mkono wangu wa ugali nilikoroga mpaka mwisho, na moto mkubwa, nikapata maji ya kahawia yana chengachenga. Mara ya pili nikasema basi sikorogi kabisa, ikashika chini ikaungua, sufuria nililoweka siku mbili. Bác akaja kusimama nyuma yangu mara ya tatu, akanishika kiwiko: koroga taratibu, koroga, koroga, ikianza tu kupanda akaniondoa mkono. Hapo ndo siri yote ilipo, kujua wakati wa kuacha mwiko. Ikipanda sukuma ile nyama pembeni ndo utie mboga, dakika chache tu. Unakula na cà pháo, nyanya chungu ndogondogo nyeupe zilizolowekwa chumvi, zinalia kwacha mdomoni. Huwezi kuamini joto la mwezi wa saba la digrii 38 ile supu inavyokutuliza.

Sasa nilichofanya mwaka jana ndo najivunia kuliko vyote. Nikajiambia kama mlenda unapotea baridi ikija, basi niuanike kama mama. Nikanunua mafungu kama kumi, nikachambua nikatandaza barazani. Mchana jua kali hasa, saa kumi na moja radi na mvua ya ghafla, yote ikalowa. Nikaingiza ndani nikalundika kwenye beseni nikaenda darasani, siku ya pili yamekuwa meusi yananuka. Dodoma hewa yenyewe inakausha, hapa hewa yenyewe ni maji. Nikafikiria, hii hewa niikaushe kwanza. Kiyoyozi cha chumbani kwenye rimoti kina alama ya tone la maji, hiyo kazi yake ni kuvuta unyevu. Nikatia majani kwenye mifuko ya wavu ya kufulia nguo, machache machache yasibanane, nikaning'iniza kwenye kamba, feni ikawa inapuliza chini, mlango nikafunga, kiyoyozi kwenye tone usiku kucha. Asubuhi nashika jani linavunjika kama chipsi, na rangi bado kijani! Wa barazani hauwi kijani vile. Bili ya umeme ilipanda kama elfu themanini za kwao, sio mbaya. Nikasaga kwenye blenda, nikachekecha, nikatia kwenye chupa za kioo na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vya kwenye paketi za biskuti, nikaweka friji. Nồm imepita, ukungu hakuna.

Mwezi wa kumi na mbili, baridi digrii 12, napika mlenda na karanga (karanga zimejaa huku, zinaitwa lạc), bác akagonga kuuliza harufu gani hii. Akaonja, akasema rau đay, kisha akatikisa kichwa kwamba haiwezekani, sio majira yake. Nikamtolea chupa. Aliishika akaigeuza akaisogeza dirishani aione vizuri, halafu akapanda kwake akarudi na bakuli la cà pháo, tukala wote na ugali kwa mkono.

Kwa hiyo mdogo wangu, chupa yako moja ipo kwenye friji imeandikwa jina. Kilo zako za begi jaza masweta, na ulete mwiko wa maana wa kusongea, huo ndio sijauona huku.