Ukimsaga majimoto, umewaita wenzake

Kila msimu wa korosho, huku kwetu Tandahimba hukosi kumsikia mtu chini ya mkorosho akipiga kelele na kujipigapiga shingoni. Kagusa tawi lenye majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mitini. Anawasaga kwa kiganja mmoja baada ya mwingine, na hapo ndipo anapojizidishia balaa.

Mimi nawapenda wadudu hawa na nawatetea kila nipatapo nafasi, kwa hiyo nivumilieni.

Kichwani mwa majimoto, kwenye taya, kuna tezi yenye mchanganyiko wa kemikali. Mwaka 1975 watafiti watatu wa Uingereza, Bradshaw, Baker na Howse, walichapisha uchambuzi wake, na hadi leo nikiusoma nashangaa kazi ilivyogawanywa. Inayotangulia kuruka hewani ni heksanali. Husambaa upesi, hupotea upesi. Majimoto akiinusa huinua kichwa, hupanua taya, huanza kukimbia huku na huko. Adui yuko wapi, bado hajui. Heksanoli, inayokawia kidogo hewani, ndiyo inayomvuta kule ilikotoka. Halafu kuna nyingine mbili nzito ambazo hubaki palepale zilipomwagika. Akizifikia hizo, anang'ata. Yaani onyo, mwito na shabaha, vyote kutoka tezi moja ya mdudu asiyefika hata sentimita moja!

Sasa mtu kamsaga shingoni. Tezi imepasuka, na ile shabaha imepakwa kwenye ngozi yake mwenyewe. Afadhali asogee mbali na tawi kwanza, kisha awapanguse taratibu.

Majimoto hana mwiba kama nyuki. Huuma kwa taya, hukunja tumbo kuelekea mbele, kisha hupulizia asidi ya fomiki kwenye jeraha. Asidi hiyo nayo huwachochea wenzake washambulie. Vita ikiwa kubwa, wanapovamia sisimizi wageni kwa mfano, baadhi yao hurudi kiotani huku wakiacha njia ya harufu inayotoka kwenye tezi nyingine, nyuma ya tumbo, na kikosi kizima huifuata hadi uwanjani. Watafiti wa sisimizi, Hölldobler na Wilson, walilieleza hilo mwaka 1978.

Ulinzi huu wote wanaufanya kwa ajili ya makoloni yao, lakini mkorosho unafaidika. Mbu wa mikorosho, ambaye si yule mbu anayeuma watu, hufyonza utomvu wa chipukizi hadi zikakauka, na majimoto humwinda bila kuchoka. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewachunguza kama walinzi wa zao hili, na kule Zanzibar walikwishachunguzwa kwenye minazi miongo mingi iliyopita. Ndiyo maana naumia sana nikiona mtu anachoma viota vyao kwa mwenge.

Shambani kwetu mti wenye viota haupigwi dawa ya wadudu. Anayepogoa hujipaka majivu mikononi, na tawi lenye kiota analiacha.