Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kati ya Muscat na Mombasa

Saa 12:20 asubuhi

Niko Likoni nangoja feri, na simu nimeshaifungua kuangalia foleni ya malipo ya usiku. Leo ni Alhamisi na mwezi unakwisha. Muscat mishahara imeingia, na kwa kuwa Ijumaa na Jumamosi ndiyo mapumziko yao, mwenye kutaka kutuma nyumbani atatuma leo. Kazi yangu ni kuandika programu zinazopokea amri hizo za malipo kutoka kwa mshirika wetu wa Oman na kuzifikisha kwenye simu ya mtu Mombasa, Lamu au Kampala. Foleni iko safi. Navuka.

Saa 2:00

Ofisini, Moi Avenue. Kijana wetu mpya, siku yake ya tatu, ameniwahi, na mahamri na mbaazi ameshaleta. "Dada, nimepata tokeni!" Tokeni ni kibali cha muda cha kuingia. Usiku kucha alikuwa akijaribu kuingia Daraja, mlango wa API wa Safaricom (njia ambayo programu za nje huzungumza na mfumo wao), kwenye mazingira ya majaribio, na hatimaye umemfungukia. Nilifurahi naye kwa dhati. Kisha nikaangalia faili lake: ufunguo na siri yake ameviandika ndani ya programu yenyewe, na ameshaipandisha kwenye Git, hifadhi inayotunza kila toleo la programu.

"Ni za majaribio tu, dada."

Ni za majaribio, lakini kilichoingia Git hakitoki kwa kufuta mstari, kwa sababu historia inabaki. Tukaubatilisha ufunguo ule, tukaomba mwingine, tukauweka kwenye hifadhi ya siri ya seva ambako programu inausoma inapoanza kazi. Mkono uliozoea kuacha ufunguo wa majaribio mezani ndio utakaoacha ule wa pesa za watu.

Jambo la pili: alikuwa akiomba tokeni mpya kwa kila ombi. Ya Daraja huishi sekunde 3599, karibu saa nzima. Itunze, uifanye upya dakika moja kabla haijafa. Tena tokeni peke yake haitoshi kumtumia mtu pesa. Nenosiri la mwenye kuanzisha malipo lazima lisimbwe, yaani ligeuzwe lisisomeke na mwingine, kwa cheti cha umma cha Safaricom kabla ya kupelekwa. Mwizi aliyeokota tokeni bado ana mlango wa pili mbele yake.

Saa 4:00

Hesabu za fedha. Hapa huwa siharakishi. Shilingi ya Kenya ina senti 100, hilo kila mtu analijua. Riali ya Oman ina baisa 1,000, yaani desimali tatu. Shilingi ya Uganda, kwa viwango vya kimataifa vya sarafu, haina desimali hata moja. Anayezidisha kila kiasi kwa 100 bila kuuliza ni sarafu gani atamkosesha Mwomani kwa mara kumi na kumzidishia Mganda kwa mara mia. Kwa hiyo kila kiasi tunakihifadhi kama namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu yake, na sarafu imeandikwa pembeni. Namba za desimali za kompyuta hatuzitumii kwa pesa. Kijana alijaribu mwenyewe kujumlisha 0.1 na 0.2, akapata 0.30000000000000004, akanyamaza kidogo.

Saa 5:30

"Shikamoo mama." Mama wa uzingatiaji wa sheria ana majina matatu yaliyosimamishwa. Mfumo hulinganisha kila mtumaji na mpokeaji na orodha ya vikwazo ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na pwani hii yenye akina Mohamed, Muhammad na Mohammed wengi, majina hugongana kila siku. Tarehe za kuzaliwa zikawatenganisha wote watatu. Malipo yakaendelea.

Saa 7:15

Chakula. Kijana akauliza kwa nini tunaogopa Alhamisi kiasi hiki. Nikamsimulia Benki Kuu ya Bangladesh. Tarehe 4 Februari 2016, Alhamisi usiku, wezi waliokuwa wamejipenyeza kwenye kompyuta zake walituma amri 35 kupitia SWIFT, mtandao ambao benki hutumiana amri za malipo, kwenda Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, wakitaka dola karibu bilioni moja. Bangladesh nayo hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino. Milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilikamatwa kwa sababu neno "foundation" lilikuwa limeandikwa "fandation". Amri zile zilitoka kwa njia halali, kwa vitambulisho halali. Aliyeziandika ndiye hakuwa halali.

Saa 9:00

Mdudu wa leo, yaani kosa ndani ya programu. Mshirika wa Muscat hutusukumia taarifa kila malipo yanapobadilika hali, na kila taarifa huja na sahihi ya HMAC-SHA256, msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye taarifa yenyewe pamoja na siri tunayoijua sisi na wao tu. Tunapiga hesabu ileile upande wetu. Zikilingana, taarifa ni yao na haijaguswa. Tangu asubuhi baadhi zinakataa, nyingine zinapita, kwa ufunguo uleule.

Tulitumia saa nzima na nusu. Tukaweka taarifa zilizokataa sambamba, na kijana ndiye aliyeona: zote zina kiasi kinachoishia na sifuri. Wao wanapeleka 25.500. Programu yetu inaisoma JSON, yaani maandishi yanayobeba taarifa hiyo, inakigeuza kiasi kuwa namba, kisha inaiandika upya kabla ya kukagua sahihi, na 25.500 inakuwa 25.5. Herufi mbili zimepotea, sahihi haiwezi kulingana tena. Dawa yake ni kukagua baiti zilezile zilizofika, kabla ya mtu yeyote kuzifungua. Tulirekebisha, tukaongeza jaribio, na tukahakikisha taarifa yenye muhuri wa saa uliopita dakika tano bado inakataliwa, ili mtu asiinase ya kweli na kuirudisha kesho.

Saa 11:40 jioni

"Dada, hii ya Lamu imegoma."

Amri ilitoka, sekunde 30 zikapita, jibu hakuna. Kidole chake kiko juu ya kitufe cha kurudia.

"Usiguse, mdogo wangu."

Tangu siku ya kwanza nilitaka alione hili kwa macho yake. Kukosa jibu si kukataliwa. Huenda amri haikufika. Huenda ilifika, pesa zikaingia, na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa upande wetu, mambo hayo mawili yana sura moja. Ndiyo maana kila amri hupewa namba yake ya kipekee na kuandikwa kwenye hifadhidata kabla ya kutoka. Ikibidi kurudiwa, inarudi na namba ileile, na mfumo ulioiona kabla unatoa jibu la mwanzo badala ya kulipa tena. Pasipo na uhakika huo haturudii. Tunauliza hali.

Tukauliza. Dakika nne, jibu likaja: imelipwa tangu saa 11:38.

Tungerudia, mpokeaji angepata mara mbili, na Jumatatu mtu angempigia kumdai pesa ambazo pengine ameshalipia karo. Nilikulia nyumba iliyokula kwa pesa za mjomba aliyekuwa Muscat. Najua simu ya namna hiyo inavyopokelewa.

Saa 1:10 usiku

Kabla ya kufunga nahesabu akiba yetu ya shilingi. Muscat imefungwa Ijumaa na Jumamosi. Jumapili wao wanafungua, benki yetu imefungwa. Riali zilizolipwa leo alasiri hazitatufikia kabla ya Jumatatu, lakini watu watapokea kesho asubuhi, kwa hiyo wikiendi nzima tunalipa kutoka kwenye akiba hiyo. Nimeongeza kiasi, na nimeweka onyo linipigie ikishuka chini ya theluthi. Kijana ameomba onyo hilo limpigie na yeye. Nimeandika namba yake chini ya yangu.